Kompyuta ya gemu imefika Mbeya ikiwa mbovu: namna ya kuthibitisha ubovu na kudai haki yako dukani

Mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songea anayetaka kompyuta ya gemu yenye nguvu mara nyingi huiagiza Dar es Salaam, ambako duka humchagulia prosesa (ubongo wa mashine), kadi ya picha (inayochora picha za skrini), RAM (kumbukumbu ya muda) na kasha, huviunganisha, kisha hupakia mashine kwenye basi na kumtumia mteja namba ya gari. Ikifika haiwaki, au inajizima kila gemu inapopamba moto, kati ya mteja wa Mbeya na duka pana zaidi ya kilomita 800, na muuzaji aliyekuwa akijibu kila ujumbe papo hapo wakati wa kupokea fedha huanza kujibu kesho yake. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefikwa na hali hiyo. Muuzaji mgumu hulegezwa na ushahidi uliokusanywa kabla hajapata nafasi ya kutoa visingizio, na visingizio vyenyewe si siri: ni umeme wa huko kwenu, ni basi lililobeba mzigo, au ni wewe mwenyewe uliyeifungua. Kila hatua inayofuata imepangwa ili mojawapo ya milango hiyo mitatu ifungwe mapema.

Siku mzigo unapofika

Boksi lisifunguliwe stendi kwa pupa. Likague kwa nje mbele ya wakala wa basi, na kama limebonyea, limelowa au gundi yake imekatwa na kubandikwa upya, lipige picha palepale na umwombe wakala aandike hali hiyo kwenye stakabadhi kabla hujasaini. Ukifika nyumbani, rekodi video moja isiyokatwa inayoanza na boksi likiwa limefungwa, ikionyesha pande zake zote na stakabadhi ya mzigo, na kuendelea hadi mashine inapowashwa kwa mara ya kwanza. Video iliyokatwa katikati humpa muuzaji nafasi ya kudai kwamba katikati hapo ndipo ulipobadilisha kifaa.

Safari yenyewe ina madhara halisi, na si haki kuyapuuza. Basi kutoka Dar es Salaam hupita kwenye matuta ya Hifadhi ya Mikumi, hupanda kona za Kitonga, na muda wote huo kadi ya picha, ambayo katika mashine za gemu huweza kuzidi kilo moja, huning'inia kwenye tundu lake ikitikisika. Duka linalojua kazi yake huichomoa kadi na kuisafirisha kwenye boksi lake, au hujaza sponji ndani ya kasha ili isicheze. Kwa sababu hiyo usiwashe mashine kabla ya kutazama ndani: sponji likiachwa mle huzuia feni, na kadi iliyolegea huenda ikahitaji tu kusukumwa hadi klipu yake ilie.

Hata hivyo, kabla ya kufungua ubavu wa kasha, tuma ujumbe mfupi wa kuomba ruhusa: "Habari bosi, mzigo nimeupokea salama. Naomba kufungua ubavu mmoja ili nitoe sponji na nikague kadi, sitagusa stika ya waranti." Muuzaji akijibu "sawa", kisingizio cha kwamba umeifungua kimekufa kabla hakijazaliwa. Akikataa, mwombe akuelekeze kwa maandishi la kufanya.

Jambo la mwisho kabla ya kuchomeka waya ukutani ni kutazama nyuma ya pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Zile za bei rahisi huwa na swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na swichi ikiwa imeachwa kwenye 115, pawa saplai hulipuka kwa mlio mara tu unapoiwasha. Pawa saplai bora hazina swichi hiyo kwa kuwa hupokea volti 100 hadi 240 bila kurekebishwa.

Kutofautisha kifaa kibovu na uunganishaji mbovu

Mashine nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa ni nzima. Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni kuchomeka waya wa monita kwenye madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, badala ya kuuchomeka kwenye kadi ya picha. Prosesa ambazo hazina kitengo cha picha ndani yake, kama vile Ryzen 5 5600 ya AMD na zile za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, hazitaonyesha chochote kupitia tundu la madabodi. Zile zenye kitengo hicho zitaonyesha picha, lakini gemu itakwenda kwa kukwamakwama, na mteja atadhani ameuziwa kadi feki.

Kama skrini bado ni nyeusi, tazama taa ndogo zilizopo pembeni mwa madabodi. Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuanzishia mashine), na ile inayobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha mahali mashine ilipokwama. Zipige picha. Taa ya DRAM ikibaki inawaka, zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa RAM na uirudishe kwa nguvu ya wastani hadi klipu zifunge. RAM zikiwa mbili katika madabodi yenye matundu manne, mahali pake kwa kawaida ni tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa mashine zenye RAM ya DDR5, uwashaji wa kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi wakati madabodi inapoipima kumbukumbu, kwa hiyo usikimbilie kuizima.

Mashine inayowaka lakini inajizima wakati wa gemu inahitaji uchunguzi wa subira zaidi, kwa sababu chanzo huweza kuwa joto, pawa saplai, RAM, kadi au hata UPS, kile kifaa chenye betri, uliyoinunua ili kuilinda. Anza na UPS. Ndogo ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu, na mashine yenye kadi kubwa huvuka kiwango hicho gemu inapoanza, ikakatika yote kwa mara moja. Tena, baadhi ya UPS za bei nafuu hazitoi mawimbi laini ya umeme zinapotumia betri, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huzikataa. Ijaribu mashine ikiwa imechomekwa moja kwa moja ukutani, siku ambayo umeme umetulia, na ikiwezekana ijaribu pia kwenye nyumba nyingine iliyo mbali na transfoma yenu. Ikizima kwa namna ileile katika nyumba mbili tofauti, hoja ya umeme wa huko kwenu imeishiwa nguvu.

Kwa joto, tumia programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure, na uiache iandike vipimo wakati gemu inachezwa. Kadi nyingi za NVIDIA hutulia karibu na nyuzi 83 au chini yake. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zinapofika nyuzi 100, na Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 zimeundwa kuvumilia hadi 95. Hapa hali ya hewa yetu ni shahidi mzuri: Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na prosesa inayofika nyuzi 100 usiku wa mwezi Julai, wakati watu wamejifunika mablanketi, haiwezi kutetewa kwa kusema chumba kilikuwa na joto. Mara nyingi kosa huwa ni la fundi aliyeiunganisha: karatasi ya plastiki haikubanduliwa chini ya kipoza joto, skrubu hazikukazwa sawasawa, au waya wa feni haukuchomekwa.

RAM hupimwa kwa MemTest86, programu inayowekwa kwenye flashi na kuendeshwa kabla ya Windows kuanza. Iache imalize mizunguko yake minne, kazi inayoweza kuchukua usiku mzima, na ujue kwamba hitilafu hata moja inatosha kuidai RAM nyingine. Tahadhari moja: kama duka liliwasha mpangilio wa kasi ya RAM uitwao XMP kwenye BIOS (programu ya msingi ya madabodi), uzime na upime tena, kwa sababu wakati mwingine RAM ni nzima ila kasi iliyowekwa haiendani na madabodi. Kwa upande wa Windows, fungua Event Viewer, daftari la matukio ya mashine, na utafute tukio la Kernel-Power namba 41. Halitaji kifaa kilichoharibika, lakini linathibitisha kwa tarehe na saa kwamba mashine ilizimika ghafla, na orodha ya matukio kumi ya namna hiyo katika wiki moja ni ushahidi usiohitaji maelezo marefu.

Kuna ubovu mmoja unaojulikana ulimwenguni na ambao muuzaji hana sababu ya kuubishia. Prosesa za kompyuta za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa i7 na i9, zilipata tatizo la kujipa volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa taratibu. Dalili yake ni gemu kufunga zenyewe, wakati mwingine kwa ujumbe unaodai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, ilhali haijajaa. Mwaka 2024 Intel ilitoa masahihisho yanayowekwa kwa kusasisha BIOS, na ikaongeza waranti ya prosesa hizo zilizouzwa kwenye boksi kwa miaka miwili, ikawa mitano kwa jumla. Masahihisho hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika, kwa hiyo ukiambiwa "sasisha tu itakaa sawa", sasisha, pima tena, na kama inaendelea kuanguka, dai nyingine.

Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata kama fundi wa mtaani anakuhakikishia kwamba anaijua. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi chaji hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Njia salama ni kuazima nyingine iliyo nzima, yenye wati za kutosha, na kuona kama tatizo linatoweka. Kadi kama RTX 3060, kwa mfano, NVIDIA hupendekeza iwe na pawa saplai ya wati 550. Kubadilishana kifaa kimoja kimoja na mashine nyingine nzima ndiyo hukumu ya mwisho, na kwa mtu wa Mbeya si kazi ngumu kumpata mwenye mashine ya namna hiyo, kwani mji una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na vijana wanaozijua mashine hizi vizuri. Badilisha kifaa kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua ni kipi unachopaswa kukidai.

Je, ulichopewa ndicho ulicholipia?

Hata kama mashine inawaka, linganisha kila kifaa na orodha iliyo kwenye ankara. CPU-Z itakutajia prosesa na RAM, GPU-Z itakutajia kadi ya picha, na CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imeshatumika. Diski inayoitwa mpya ikiwa imefanya kazi kwa maelfu ya saa si mpya, na hapo huhitaji kubishana na mtu.

Kadi ya picha ndiyo yenye hila nyingi zaidi, kwa sababu ndiyo yenye bei kubwa. Zimekuwapo kadi za zamani za NVIDIA zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kuwa ni GTX 1050 Ti, na tangu mwaka 2018 GPU-Z huzibaini nyingi kati ya hizo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Hila iliyo laini zaidi ni ya RX 580, kadi ya AMD: ipo ya vitengo 2,304 vya kuchakata na ipo ya vitengo 2,048, jina likiwa karibu lile lile na nguvu ikiwa pungufu. Muuzaji huenda asiwe mwongo, huenda naye aliuziwa hivyo, lakini hilo ni shauri lake na aliyemuuzia. Mimi ningemshauri mnunuzi aitazame orodha hii kwa makini kuliko taa za rangi zinazowaka ndani ya kasha, ambazo kwa bahati mbaya ndizo zinazouza mashine nyingi.

Namna ya kulikabili duka

Ukishajua kifaa kilicho kibovu, acha kuitumia mashine na toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo. Haraka hii ina sababu ya kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kuikagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali, na inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Lakini anayeitumia kwa miezi mitatu bila kusema neno huweza kuhesabiwa kuwa ameikubali, na hapo hubaki na haki ya kudai fidia badala ya kuikataa mashine. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyochapwa chini ya ankara hayampi muuzaji ruhusa ya kukukabidhi kitu tofauti na alichokitaja.

Kuhusu basi, sheria hiyohiyo ina kipengele kisichompendeza mteja wa mkoani: pasipo makubaliano mengine, muuzaji aliyeagizwa kutuma mzigo huchukuliwa kwamba amekukabidhi pale alipomkabidhi msafirishaji. Kwa hiyo kasha lililovunjika njiani huweza kuwa hasara yako, ila kama muuzaji hakulifunga wala kulisafirisha kwa uangalifu unaostahili, hoja yako ipo. RAM yenye hitilafu au kadi isiyo yenyewe ni jambo tofauti, kwani basi halibadilishi namba ya kadi.

Barua isiwe ndefu wala ya matusi. Inaweza kusomeka hivi: "Ndugu Meneja, rejea risiti yenu ya EFD ya tarehe iliyotajwa hapo juu, ambayo kwayo nililipia kompyuta yenye vifaa vilivyoorodheshwa kwenye ankara. Mashine niliipokea katika stendi ya Nane Nane, Mbeya, na tangu siku hiyo inajizima kila gemu inapochezwa. Nimeambatisha video ya kufungua boksi, picha za vipimo na taarifa ya fundi, ambavyo vinaonyesha kuwa pawa saplai ni mbovu. Naomba mnibadilishie kifaa hicho kwa kingine cha uwezo uleule au mnirejeshee fedha zake ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, na gharama za usafiri ziwe juu yenu. Mashine nimeacha kuitumia na iko tayari kwa ukaguzi." Taarifa ya fundi iwe na muhuri, tarehe na maelezo ya alichopima, si maoni yake kuhusu duka.

Wauzaji wengi hupendelea simu, kwa sababu simu haiachi alama. Muuzaji wako akipiga, mpokee kwa heshima, kisha baada ya kila mazungumzo mtumie muhtasari: "Kaka, nashukuru kwa muda wako. Kama tulivyozungumza leo asubuhi, umesema nikutumie pawa saplai na utaleta nyingine ndani ya wiki moja. Kama nimekosea, nisahihishe." Akikaa kimya, maneno hayo yamebaki kama yalivyo.

Akisema "ilete mashine Dar", pendekeza utume kifaa kibovu pekee. Ikibidi kutuma mashine nzima, nakili data zako, ondoa akaunti zako, piga picha ya namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye kila kifaa, na uchomoe kadi ya picha isafiri kivyake. Bila picha za namba hizo huwezi kuthibitisha kwamba kadi iliyorudi si ile uliyoituma. Zaidi ya hayo, namba hizo zinakuwezesha kuangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kifaa kina waranti yake, na pengine ukalipita duka kabisa.

Duka likinyamaza

Siku ulizotoa zikipita, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, yaani FCC, ambayo imeundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara na bidhaa bandia. Ambatisha barua, risiti na vipimo. Kama duka halikukupa risiti ya EFD, hilo ni kosa linalojitegemea ambalo TRA hulifuatilia, ingawa sheria humtaka pia mnunuzi aidai, na ndiyo maana ni vema kuidai siku ya malipo badala ya kuikumbuka siku ya ugomvi. Muamala wa benki au wa simu pamoja na ankara unaweza kusaidia kuthibitisha malipo, lakini risiti ndiyo inayomfunga muuzaji kwa jina lake la biashara.

Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya fedha yatokanayo na mkataba, na kesi huendeshwa kwa Kiswahili, hivyo mtu anaweza kujieleza mwenyewe. Muulize karani kwanza kama shauri lako linaweza kufunguliwa ulipo au ni lazima lifunguliwe anakofanyia biashara mdaiwa. Ujumbe wa simu utumie kama ushahidi bila hofu, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua, ila usiufute kwenye simu yako hata baada ya kuuchapa.

Duka likikubali kubadilisha kifaa, usikiri popote kwamba mmemalizana hadi umekipima kilichokuja kwa programu zilezile na muda uleule uliotumia kwa kile cha kwanza. Lipe duka namba ya utambulisho ya kifaa kipya liiandike kwenye karatasi ya waranti pamoja na tarehe mpya, maana waranti inayoendelea kuhesabiwa tangu siku ya ununuzi imekula wiki zote ambazo mashine ilikuwa imelala.